VVT-i kwenye injini ya zamani ya Toyota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kuweka VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka injini ikiendelea kuzunguka, kwenye Toyota za petroli za miaka ya 1990 ambazo bado ziko barabarani kwa wingi: Corolla 110, Carina, Mark II za GX90 na GX100, na ndugu zao. Honda imetajwa pale tu inapotoa fundisho. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwishaelezwa tumeandika namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. VVT-i inafanya nini hasa?

Kamshafti ndiyo inayofungua valvu. Kwenye injini ya zamani, kamshafti imefungwa na kranki kwa belti au cheni, basi. Ikipangwa ifungue valvu za kuingiza hewa mapema, itafanya hivyo gari likiwa kwenye sailensi (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na itafanya hivyo kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Mapema inafaa kwa mvuto wa katikati, lakini kwenye sailensi inaitetemesha injini. Aliyeibuni injini akalazimika kukata shauri katikati.

VVT-i inaondoa ulazima huo. Gia iliyo mbele ya kamshafti ya kuingiza hewa ina vyumba vya oili ndani yake. Oili ikisukumwa upande mmoja, kamshafti inatangulia, na ikisukumwa upande wa pili, inarudi nyuma. Safari yote ni kama nyuzi 40 hadi 60 za kranki, kutegemea injini. Anayeamua ni kompyuta ya injini (kontroo boksi), kwa kupeleka umeme wa mapigo kwenye valvu ndogo ya oili iitwayo OCV. Injini ikizimwa, pini ndani ya gia hujifunga ili kamshafti ikae nyuma kabisa mpaka presha ya oili irudi.

Hapo kuna vitu vinne: gia, oili, OCV na kontroo boksi. Kimoja kikikosekana, vitatu vilivyobaki ni mzigo tu.

2. VVT, VVT-i, VVTL-i na VTEC ni kitu kimoja?

Hapana. VVT ya Toyota bila "i" ilianza mwaka 1991 kwenye 4A-GE ya valvu 20. Ina hali mbili tu, imewaka au imezimwa. VVT-i ilikuja katikati ya miaka ya 1990 kwenye injini za JZ na husogea kidogo kidogo bila kikomo cha hatua. VVTL-i, iliyo kwenye 2ZZ-GE, huongeza pia kimo cha valvu. VTEC ya asili ya Honda huhamia kwenye nundu nyingine ya kamshafti yenye kimo kikubwa zaidi, haisogezi kamshafti.

3. Nitapata nguvu kiasi gani?

Chini ya wengi wanavyotarajia. Tazama namba za soko la Japani: 1JZ-GE ya kwanza ilikuwa na farasi 180 na toki ya Nm 235, na ilipopata VVT-i ikawa na 200 na Nm 255. 1G-FE ilitoka farasi 140 ikaenda 160. Kutoka 5A-FE kwenda 1NZ-FE, zote za lita 1.5, tofauti ni farasi wachache tu.

Tena ongezeko hilo si la VVT-i peke yake. Injini hizo zilibadilishiwa pia mgandamizo, njia za hewa na mfumo wa moto. Utakachokihisi zaidi ni mvuto wa katikati, mizunguko 2000 hadi 4000, na mafuta kupungua kwenye safari ya mwendo mmoja. Anayetafuta mbio tu atapata zaidi kwa kupanda injini kubwa.

4. Gia ya kamshafti inayorekebishika kwa boliti ni VVT?

Sivyo. Ile unaipanga injini ikiwa imezimwa, na inabaki hapo hapo ulipoikaza.

## Njia zilizopo

5. Nina 110 yenye 5A. Naweza kununua gia ya VVT-i na OCV nikavifunga kwenye hedi yangu?

Huwezi, na fundi anayekwambia inawezekana muulize gia hiyo itakaa wapi. Kwenye 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, belti huzungusha kamshafti moja, nayo huizungusha nyingine kwa gia ndogo zilizofichwa ndani ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu). Kamshafti ya pili haina gia ya nje ya kubadilisha. Hata kamshafti yenyewe haijatobolewa njia mbili za oili (ya kutangulia na ya kurudi), jino la mbele (sehemu laini ya kamshafti inayozunguka ndani ya beringi) halina mifereji ya kuzipokea, na hedi haina tundu la OCV. Kuyachonga yote hayo kwenye karakana ya mashine ni ghali kuliko injini nzima ya mtumba.

6. Kwa hiyo kuna njia gani?

Ziko tatu. Ya kwanza ni kubadili injini nzima iliyotoka kiwandani na VVT-i, pamoja na waringi na kontroo boksi yake. Kwa gari la kazi za kila siku, hii ndiyo tunayoipendekeza, na sehemu kubwa ya majibu haya inaihusu. Ya pili ni hedi ya VVT-i juu ya bloku ya zamani ya familia ile ile (swali la 8). Ya tatu ni 4A-GE ya valvu 20, inayofaa wenye gari la kuchezea: inatoka kwenye ukoo mmoja na 4A na 5A, na kwa kuwa VVT yake ni ya kuwaka na kuzimika tu, inaweza kuendeshwa hata kwa swichi inayosoma mizunguko. Ila inataka petroli ya okteni ya juu, na spea zake zinazidi kuadimika.

7. Injini ipi inafaa gari lipi?

Corolla 110 na Carina zenye 5A au 4A: 1NZ-FE ndiyo rahisi kupata, kwa sababu imejaa kwenye Vitz, IST, Probox na Corolla NZE121. 1ZZ-FE ina mvuto zaidi. Injini hizi hazishiki gia boksi ya 5A bila bamba la kuunganisha, hivyo chukua na gia boksi yake, kisha linganisha meno ya mashafti ya magurudumu kabla ya kulipa.

Mark II, Chaser na Cresta za GX100: hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mwaka 1998 kiwanda chenyewe kilianza kuziwekea 1G-FE ya VVT-i, ile iliyoandikwa BEAMS, kwa hiyo mauntini, bomba na nafasi vipo tayari. Jambo moja la kukumbuka: 1G ya zamani belti ikikatika unabadili belti na kuendelea na safari, lakini kwenye BEAMS valvu hugonga pistoni. Badili belti, tenshena na pampu ya maji kabla injini haijaingia kwenye gari.

JZX90 yenye 1JZ-GE ya zamani: 1JZ-GE ya VVT-i ya JZX100 au JZX110. Hakikisha haijatoka kwenye gari la 4WD, maana sampu yake (bakuli la oili) haitaingia.

## Hedi ya VVT-i juu ya bloku ya zamani

8. Inawezekana, na nianzie wapi?

Inawezekana kwa baadhi ya familia, hasa JZ, lakini anza na gasketi kabla ya spana. Nunua gasketi mbili za hedi, ya injini ya zamani na ya VVT-i. Laza ya VVT-i juu ya bloku ya zamani, kisha ya zamani juu ya hedi ya VVT-i. Kila tundu la maji, la oili kupanda na la oili kushuka lazima lipate mwenzake au lizibwe kabisa. Tundu linalokaa nusu juu ya chuma na nusu juu ya ukingo wa gasketi litavuja, si leo tu.

Fundisho zuri linatoka Honda, ambako watu wamefunga hedi ya VTEC ya B16A juu ya bloku ya B18B isiyo na VTEC kwa miaka mingi. Bloku ile haina njia ya kuilisha VTEC oili, hivyo tundu la chini la hedi huzibwa na mpira wa oili hupitishwa nje. Pini za kuelekeza hedi nazo hazilingani kipenyo, zinataka kuchongewa. Waliopuuza mambo hayo mawili wameua hedi nzuri.

9. Oili ya VVT nitaitoa wapi kama bloku haina njia?

Kwenye tundu la swichi ya taa ya oili. Kwenye Toyota nyingi uzi wake ni 1/8 BSPT, wenye ncha inayobana kadiri unavyokaza. Usilazimishe NPT ya Marekani. Inaingia mizunguko michache ikidanganya kwamba imekaa, halafu inapasua aluminiamu au inavuja. Funga tii: mdomo mmoja swichi, mwingine mpira.

Mpira uwe wa teflon uliosukwa nje kwa nyaya za chuma, tundu la ndani milimita 5 au 6. Mpira wa mafuta hapana, joto la oili litaulainisha. Upitishe mbali na manifoldi ya ekzosi, ufunge kwa klipu mahali pawili, na uache ulegevu kidogo kwa sababu injini inatikisika. Weka kichungi cha wavu kabla ya OCV. Usiweke kibana njia kama kile cha mpira wa tabo: tabo inataka oili kidogo mfululizo, gia ya VVT inataka nyingi kwa ghafla.

10. Nitajuaje valvu hazitagonga pistoni?

Kwa plastisini (udongo laini wa watoto kuchezea). Paka oili juu ya pistoni, bandika vipande vya unene wa milimita 5 mahali valvu zinaposhukia, funga hedi na gasketi iliyotumika, panga taimingi, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, kata plastisini kwa wembe na upime palipobanwa zaidi. Tafuta angalau milimita 2.0 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa ekzosi.

Wengi hukosea hapa: wanapima gia ikiwa imejifunga nyuma, ambako valvu za kuingiza ziko mbali na pistoni. Hatari iko kamshafti inapotangulia kabisa. Fungua pini kwa upepo (swali la 12), izungushe gia mpaka mwisho wa kutangulia, ndipo upime tena.

## Kununua

11. Nichukue nini pamoja na injini?

Kila kilichokuwa kinaigusa. Ukiweza kupata nusu gari ya mbele iliyokatwa, ichukue, hata kama bei inauma. Kama unanunua injini iliyoshushwa, iwe Gerezani, Kirinyaga Road au mzigo uliopitia Sharjah, usiondoke bila hivi:

- waringi mzima wa injini, soketi zote zikiwa hai, usiokatwa
- kontroo boksi yenye namba inayoendana na injini hiyo na aina ya gia boksi
- ufunguo, kisoma ufunguo na boksi la imobilaiza kama gari lilikuwa nayo. Bila hivyo injini nyingi huzunguka kwa stata tu au huwaka sekunde moja na kuzima
- sensa ya hewa pamoja na kipande cha bomba lake
- throto, na kama ni ya umeme, pedali yake pia
- koili zote, OCV, sensa za kranki na kamshafti, sensa za oksijeni
- mabano ya altaneta, kompresa ya AC na mauntini

Kwa gari la zamani, tafuta 1NZ ya mapema yenye throto ya kebo. Itakupunguzia kazi ya pedali. Na kama injini imetoka kwenye gari la usukani wa umeme, haina pampu ya usukani. Hilo uligundue dukani, kabla hujashusha injini yako.

12. Nitaikaguaje kabla ya kulipa?

Fungua kifuniko cha oili na uangalie ndani kwa tochi. Rangi ya kahawia nyepesi ni umri. Tope jeusi linalobaki kidoleni ni injini iliyokosa kubadilishwa oili, na VVT-i hufa kwa ugonjwa huo kabla ya kitu kingine chochote.

Pima OCV kwa mita: kwenye 1NZ na 1ZZ inatakiwa isome ohmu 6.9 hadi 7.9 ikiwa ya baridi. Ichomoe, gusisha nyaya za betri sekunde moja. Kipini cha ndani kinatakiwa kuruka na kurudi bila kusita. Karibu na OCV kuna boliti lenye kichungi kidogo cha wavu ndani. Kitoe. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa, achana na injini hiyo.

Kama muuzaji anaweza kuiwasha, kuna kipimo kizuri kuliko vyote. Ikiwa imepata moto na iko kwenye sailensi, chomoa soketi ya OCV: injini isibadilike. Kisha ipe OCV volti 12 moja kwa moja kwa sekunde chache: injini inatakiwa itetemeke vibaya au izime. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, gia haisogei.

Kwa kamshafti iliyo mezani, ziba vitundu vya oili vya jino la mbele kwa utepe wa plastiki, toboa cha kutangulia na kimoja cha kurudi, funika kwa kitambaa kwa sababu oili itaruka, kisha pulizia upepo wa bar 1.5 taratibu. Utasikia pini ikifunguka, mlio mdogo kama wa kitasa, na gia itageuka kwa mkono. Igeuke laini, bila kukwama.

Mgandamizo upimwe pia. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar moja.

## Kufunga

13. Kazi inaenda kwa mpangilio gani?

Injini ikiwa chini, badili kwanza vile ambavyo baadaye vitakuwa vigumu kufikiwa: sili za kranki mbele na nyuma, gasketi ya tapeti kava, pampu ya maji, klachi, kichungi cha OCV, na belti au tenshena ya cheni. Kama gia ya VVT-i ilifunguliwa, boliti ya katikati ya 1NZ inakazwa kwa Nm 64 huku kamshafti imeshikwa kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita. Boliti ndogo zinazoizunguka usiziguse, hizo zinaifunga gia yenyewe.

Kisha ingiza injini na gia boksi kwa majaribio, bila waya wala mpira. Funga mauntini za upande ambao hazikuhitaji kubadilishwa, tegemeza upande mwingine kwa jeki, nyoosha mashafti ya magurudumu, ndipo upime bano la kuchomelea. Anayechomelea kwanza na kunyoosha baadaye huishia na shafti inayotetema kwenye mwendo wa 80. Acha milimita 15 au zaidi kati ya puli na chasi, kwa kuwa injini hugeuka unapokanyaga mafuta.

Baada ya hapo inashushwa tena kwa ajili ya kuchomelea na rangi, na inarudi moja kwa moja. Maji, mafuta, ekzosi, waya: kwa mpangilio huo.

14. Mfumo wa mafuta wa zamani utafaa?

Nusu. 5A-FE ina rejista (kidhibiti) ya presha kwenye reli ya nozeli, na mafuta ya ziada yanarudi kwenye tangi. 1NZ na 1ZZ hazina bomba la kurudi kwenye reli, rejista iko ndani ya tangi, na presha inayotakiwa ni kama bar 3.0 hadi 3.4 wakati wote. Suluhisho safi: funga rejista ya nje karibu na injini, tumia bomba lako la kurudi, ipange bar 3.2, na uache wazi mdomo wake wa vakyumu. Ukiuunganisha na manifoldi, presha itashuka kwenye sailensi na kontroo boksi haitalijua hilo. Badili na pampu ya tangi kama ni ya zamani.

15. Waya je?

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Usikate waringi wa injini. Unganisha kwenye soketi za pembeni tu. Kinachotakiwa kutoka kwenye gari ni kidogo: umeme wa kudumu wa betri kwa ajili ya kumbukumbu, umeme wa swichi, ishara ya stata, rilei kuu, rilei ya pampu ya mafuta, taa ya injini, ishara ya mwendo kutoka kwenye gia boksi, waya wa kipima mizunguko, na swichi ya AC.

Ethi (nyaya za kurudisha umeme) ndizo zinazosahaulika. Ziwe mbili kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi na betri, waya mnene, rangi ikiwa imekwanguliwa. Ethi mbaya inaleta kodi (namba za hitilafu) za sensa ambazo ni nzima, na utabadili sensa tatu kabla ya kugundua. Sensa ya hewa iwekwe kwenye bomba lililonyooka baada ya kichungi, si kwenye kona.

16. Naweza kutumia kontroo boksi yangu ya zamani?

Kuendesha VVT-i, hapana. Haina mahali pa kutokea umeme wa OCV wala programu ya kuisimamia, na inategemea distribyuta kwa ishara zake. 1NZ na 1ZZ husoma kranki kwa sahani ya nafasi 36 iliyokosa meno mawili, na kamshafti kwa meno matatu. Tofauti ya ishara hizo mbili ndiyo inayoiambia kontroo boksi kamshafti imesogea nyuzi ngapi.

Kama ya asili haipatikani, kompyuta za kuprogramu kama MegaSquirt 3, Link au Haltech zinaweza kusimamia VVT. Ila gharama ya kuipanga na mtu anayejua kupanga ni sehemu ya bei. Ramani iliyopakuliwa mtandaoni siyo mwisho wa kazi.

17. Oili gani?

5W-30, na 3.7 lita kwa 1NZ pamoja na kichungi. Ile tabia ya kumimina 20W-50 "kwa sababu ya joto letu" iache kwenye 5A uliyoitoa. Oili nzito huchelewa kufika kwenye gia asubuhi na hupita kwa shida kwenye wavu wa OCV. Baada ya kufunga, badili oili na kichungi kwa kilomita 500 za kwanza, kisha kila 5000.

## Kuwasha na matatizo

18. Nifanye nini siku ya kuwasha mara ya kwanza?

Chomoa fyuzi ya nozeli na soketi za koili, piga stata kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Rudisha, washa, usikanyage mafuta. Funga geji ya presha mahali pa swichi: kwa 1ZZ iliyopata moto, kima cha chini kwenye sailensi ni kPa 29, na kwenye mizunguko 3000 isome 294 hadi 539. Chini ya hapo VVT-i haitafanya kazi hata kila kitu kingine kikiwa kizima. Mashine ya kupima ikionyesha nyuzi za kamshafti, zikae karibu na sifuri kwenye sailensi na zipande unapoendesha kwa mzigo mdogo.

19. Taa imewaka. Kodi zinasema nini?

P1656 au P0010: umeme wa OCV, anza na soketi na waya. P1349 kwenye kontroo boksi za mapema, P0011 au P0012 kwenye za baadaye: kamshafti haifiki inapoagizwa. Safisha kichungi cha OCV, kisha OCV, kisha angalia kiwango na unene wa oili. Gia iwe ya mwisho kushukiwa. P1346 au P0016: kranki na kamshafti hazikubaliani, yaani belti au cheni imeruka jino, cheni imenyooka, au ilifungwa vibaya. Hiyo ya mwisho usiiendeshe ukisubiri mshahara.

20. Asubuhi inakwaruza sekunde moja mbili, halafu inatulia.

Pini ya kufungia ndani ya gia imechakaa, au oili inashuka yote usiku. Jaribu kwanza kichungi cha oili chenye valvu ya kuzuia kurudi. Kelele ikibaki, gia ndiyo. Sauti ya cheni haitulii haraka hivyo, huendelea hata injini ikiwa ya moto.

21. Sailensi inatetemeka, na ukifunga breki inazima.

OCV imekwama ikiwa wazi, mara nyingi kwa uchafu uliotikisika wakati wa kazi. Chomoa soketi yake. Kama hali haibadiliki, kilichokwama ni chuma, umeme hauhusiki: itoe na uisafishe kwa dawa ya kabureta. Ikikwama tena, nunua nyingine.

22. Inawaka vizuri lakini haivuti.

Kabla hujailaumu VVT-i, pima presha ya mafuta ukiwa barabarani (swali la 14), hakikisha bomba la hewa halivuji baada ya sensa, na angalia kama kataliti ya zamani (kisafisha moshi cha ekzosi) haijaziba. Kisha rudia kipimo cha volti 12 cha swali la 12.

## Kesi za pembeni

23. Naweza kuizima VVT-i na kuendelea kutembea?

Kufika nyumbani, ndiyo. Ukichomoa OCV, kamshafti hubaki nyuma, injini inakuwa nzito katikati na taa inawaka. Kuifanya hali ya kudumu ni kubeba ubaya wa injini zote mbili.

24. Gari langu ni otomatiki.

Chukua gia boksi na kontroo boksi ya otomatiki, kwa sababu boksi hilo hilo ndilo linaloendesha solenoidi za gia. Ukifunga gia boksi ya mkono na kontroo boksi ya otomatiki, utaishi na taa ya injini.

25. Nina mpango wa kufunga gesi ya CNG baadaye.

VVT-i haina shida na gesi. Shida iko kwenye kile kifaa cha kusogeza moto mbele: vingine huchezea ishara ya kranki, na kontroo boksi ikilinganisha na kamshafti inatoa kodi za swali la 19. Mwambie fundi wa gesi mapema injini ni ya aina gani.

26. Vipi kuhusu tabo?

Inawezekana, lakini 1NZ ina mgandamizo wa 10.5:1. Bila kupunguza mgandamizo au kuprogramu moto upya kwa uangalifu, pistoni hazitadumu.

27. Kadi ya gari itakuwaje?

Namba ya injini imo kwenye kumbukumbu za usajili, kwa hiyo mabadiliko yaripotiwe: TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya, ambako gari hukaguliwa. Dai risiti ya injini yenye namba yake na hati za kuingizwa nchini, na upige picha namba iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijaingia kwenye gari, kwa sababu ikishafungwa mara nyingi haisomeki bila kioo na tochi. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi.